Aliyezaliwa Upya na Madeni Yake ya Zamani

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki swali la "Umeokoka?" huulizwa hata na mtu msiyefahamiana naye: ndani ya basi, kwenye foleni ya zahanati, kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayejibu ndiyo hutarajiwa kuendelea na tarehe, mahali na jina la mhubiri, kwa maana ushuhuda kamili, jinsi tulivyozoea kuusikia, una siku yake. Hivyo kuzaliwa mara ya pili kumekuwa tukio la kukumbukwa: saa fulani, mkutano fulani, machozi, sala ya toba iliyofuatishwa neno kwa neno, kisha jina kuandikwa kwenye daftari la waongofu. Sidharau saa hiyo. Wapo watu wengi ambao maisha yao yaligeuka kwa saa moja, na kuwabeza ni kuwakosea haki. Lakini naamini tumeipa tarehe uzito ambao Maandiko hayakuipa, na kwa kufanya hivyo tumepoteza kipimo ambacho wazee wa uamsho katika nchi zetu walikuwa nacho. Ninachokitetea hapa ni hiki: katika imani ya Kikristo kuzaliwa upya ni kazi ya Mungu ambayo jicho haliioni, ila dalili yake ya kwanza inayoonekana ni mtu kurudi kwa yule aliyemkosea. Palipo na tarehe bila kurudi huko, pana sababu ya kuuliza.

Tuanzie pale fundisho lenyewe linapoanzia. Sura ya 3 ya Injili ya Yohana inamleta Nikodemo, Farisayo na mmoja wa wakuu wa Wayahudi, akimwendea Yesu usiku. Hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mwalimu wa sheria, mtu wa dini aliyeheshimika, na ndiye anayeambiwa kwamba asipozaliwa tena hatauona ufalme wa Mungu. Jambo hilo peke yake linatosha kuondoa dhana kwamba wokovu ni dawa ya walioharibikiwa. Yesu anamshangaa mwalimu wa Israeli asiyeyafahamu hayo, na ana haki ya kushangaa, maana zaidi ya miaka 500 nyuma nabii Ezekieli alikuwa amewaambia watu waliohamishwa Babeli kwamba Mungu atawanyunyizia maji safi, atawatoa moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama, kisha atatia roho yake ndani yao waenende katika amri zake. Maji na Roho vilivyotajwa usiku ule vilikuwa vimekwisha kuandikwa. Na katika unabii huo moyo mpya una kazi: unatolewa ili watu watende haki ambayo moyo wa zamani ulishindwa kuitenda.

Kitu kinachonivutia zaidi katika habari ya Nikodemo ni kwamba Yohana hasemi aliokoka lini. Mazungumzo yanaendelea, Nikodemo ananyamaza, msimulizi anaendelea na mambo mengine. Tunakutana naye tena katika sura ya 7, akiwa kikaoni na wakuu wenzake waliokwisha kuamua kumkamata Yesu, naye anawauliza kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Anatukanwa kwa swali hilo. Mara ya mwisho ni sura ya 19: anakuja na mchanganyiko wa manemane na udi, uzito wa ratili mia hivi, kushirikiana na Yusufu wa Arimathaya kumzika mtu ambaye wakuu wenzake walidai auawe. Aliyekuja gizani sasa anajitokeza wakati ambapo kujitokeza hakumpi faida yoyote, hata wanafunzi wenyewe wamekimbia. Kama Nikodemo angetakiwa kutoa ushuhuda katika mikutano yetu, huenda angeshindwa kutaja tarehe. Lakini msomaji wa Yohana haachwi na shaka kwamba kuna jambo limetokea ndani ya mtu huyu.

Zakayo wa Yeriko yeye ana siku, tena Luka anaitaja siku hiyo waziwazi. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri kwa kazi iliyowaumiza majirani zake. Anaposimama mbele ya Yesu, hasimulii alivyojisikia alipokuwa juu ya mkuyu. Anataja fedha: nusu ya mali yake kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne. Torati ilikuwa na viwango viwili vinavyohusika. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka mtu anayeungama kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamdai mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza alipe kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo angeweza kudai kiwango chepesi cha anayeungama mwenyewe, lakini alijihukumu kwa kiwango cha mwizi aliyekamatwa. Ndipo Yesu anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo.

Hapo msomaji mwangalifu atanizuia. Atasema: huu sasa ni wokovu kwa matendo, na Paulo alikwisha kuukataa, barua kwa Waefeso na barua kwa Tito zote zinasema tumeokolewa kwa rehema wala si kwa matendo ya haki tuliyoyatenda. Pingamizi hili ni la kweli na halipaswi kupitiwa juu juu. Jibu limo katika mpangilio wa habari yenyewe. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla Zakayo hajatoa hata senti, na manung'uniko ya watu waliokuwa wakitazama yalikuwa juu ya hilo hilo: anaingia kwa mwenye dhambi ambaye bado hajalipa. Neema ilitangulia. Malipo yalifuata, na hayakununua kitu, kwa sababu mgeni alikuwa tayari mezani. Hata Waefeso, baada tu ya kusema si kwa matendo, inaendelea kusema tuliumbwa tutende matendo mema. Waraka wa kwanza wa Yohana ndio unaorudia zaidi habari ya aliyezaliwa na Mungu, na karibu kila mara anapotajwa, kinachofuata ni mwenendo: hutenda haki, humpenda ndugu yake. Mwandishi huyo anathubutu kusema kwamba anayedai kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake ni mwongo. Hasemi mapendo yanamzaa mtu. Anasema yanaonyesha nani amezaliwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyotupotea.

Haya si mafundisho ya vitabuni tu. Katika ukanda wetu yalijaribiwa mbele ya macho ya watu. Gahini iko kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Miaka ya 1920 misheni ya Kianglikana ilijenga hospitali pale, na mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliipiga sehemu hiyo ya nchi. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alitoka katika njaa ile akiwa amechoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyeacha kazi ya serikali ili ahubiri. Walikaa pamoja na Biblia wakitafuta nguvu ya Roho Mtakatifu, kwa maana wote wawili walisikitishwa na hali ile ile: Kanisa lililotoa mashahidi wa Uganda nusu karne tu iliyopita lilikuwa limejaa watu wenye majina ya ubatizo na maisha yale yale ya awali. Baadaye msimamizi wa wahudumu wa Gahini, Yosiya Kinuka, alifika kwa Nsibambi. Alitarajia kuzungumzia hali mbaya ya hospitali. Aliulizwa habari za dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Alirudi Gahini mtu mwingine, na akawa mmoja wa nguzo za uamsho.

Desemba 1933 mkutano wa maombi Gahini ulikuwa unaelekea kumalizika kwa baridi pale mmoja alipoinuka akaanza kuungama, kisha mwingine, kisha wengine kwa saa kadhaa. Mwaka 1935 moto huo ulifika Kabale. Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, alifariki akiwa Kampala alikokwenda kuihutubia sinodi kuhusu usingizi wa Kanisa, na kilio chake cha kuliamsha, "Zukuka", kikawa mwito wa mikutano ya mwaka 1937. Mwaka huo huo timu ya ndugu ilikwenda Kabete, karibu na Nairobi, na kabla ya muongo kwisha uamsho ulikuwa umevuka kuingia Buhaya, Tanganyika. Watu hawa waliitwa Balokole, na kwetu walokole. Kilichowatia jirani zao hofu ni kile kilichofuata mikutano. Mtu aliyelia usiku alionekana asubuhi akirudisha alichoiba kazini, akipeleka ng'ombe kwa mwenyewe, akikiri kodi aliyoikwepa. Mume alikwenda kwa mkewe. Mmishonari wa Kizungu alisimama mbele ya Waafrika akaungama kiburi cha rangi yake, jambo ambalo katika nchi zilizokuwa chini ya wakoloni halikuwa na mfano. Ndugu waliita hali hiyo kutembea nuruni: hakuna kinachofichwa, na aliyekosewa anajua kwamba aliyemkosea anajua.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni wa Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941. Muda mfupi baadaye alitambua kwamba yeye mwenyewe anamchukia Mzungu mmoja. Alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu wa milima hadi kwake, akamwomba msamaha. Tuipime hali ile kwa akili ya wakati ule. Mwafrika chini ya ukoloni alikuwa na sababu za kutosha za kumchukia Mzungu, na hakuna mtu kijijini ambaye angemlaumu. Mungu wake alimlaumu, naye akanyonga baiskeli. Miaka 36 baadaye, akiwa askofu aliyelazimika kuikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Kivengere alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu walioshangazwa na jina hilo hawakujua habari za baiskeli. Luwum naye alikuwa zao la uamsho; aliokoka Januari 1948 huko Acholi, na alipopeleka kwa Amin malalamiko ya maaskofu juu ya mauaji, alikuwa akiendeleza desturi ile ile ya kusema ukweli mbele ya anayehusika.

Uamsho huu haukuwa safi, na anayeusimulia kama habari za malaika anawadanganya wasomaji. Kuungama hadharani kuliwaumiza watu ambao hawakuomba kutajwa. Mwanamume aliyesimama na kukiri uzinzi alimfichua pia mwanamke, na familia mbili zikaingia aibuni bila ridhaa. Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi wazee na viongozi wa makabila walivyokasirishwa na watu waliokuwa wakimwaga siri za nyumba mbele ya umma. Kulikuwa na majivuno pia. Mwaka 1941, chuo cha teolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya ishirini, William Nagenda akiwa miongoni mwao, baada ya mvutano na uongozi kuhusu maombi na mahubiri yao ya alfajiri. Uongozi ulikuwa mkali mno, lakini ndugu nao walikuwa wepesi wa kumhesabu kila asiye wa kundi lao kuwa hajaokoka. Na kadiri miaka ilivyokwenda, orodha ya dhambi za kuungama ilizoeleka: pombe, sigara, wizi mdogo, tamaa. Ukiwa na orodha iliyozoeleka, unaweza kuungama kila wiki bila kugusa jambo linalomwumiza jirani yako zaidi. Nitalirudia hili, kwa kuwa ndilo lililokuja kugharimu damu.

Kabla ya hapo, kuna pingamizi la Wakristo wengi ambao hawajawahi kuinua mkono mkutanoni na hawaoni haja. Mkatoliki atasema alizaliwa upya alipobatizwa akiwa mchanga, na hakosi hoja. Katikati ya karne ya pili Justino Mfiadini, akiwaeleza watawala wa Roma Wakristo hufanya nini, aliuita ubatizo kuzaliwa upya na akauunganisha na maneno ya Yesu kwa Nikodemo. Waorthodoksi wanafundisha hivyo hivyo. Martin Luther, ambaye watu humdhania kuwa mpinzani wa yote ya Kikatoliki, alibakiza ubatizo wa watoto na katika Katekisimu Ndogo akaueleza kwa maneno ya Tito kuhusu kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Kwa hiyo mlokole anayemwambia Mlutheri au Mkatoliki kwamba ubatizo wake ni maji matupu anabishana na karibu historia yote ya Kanisa. Lakini makanisa hayo yenyewe hayakufundisha kwamba maji yanatosha mtu akiishi kama yasingemgusa. Luther aliandika katika katekisimu ile ile kwamba ubatizo maana yake ni mtu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba. John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyepata uhakika wa imani Mei 1738, aliwahubiria watu waliobatizwa utotoni kwamba wasiegemee ubatizo huku maisha yao yakiukana. Hata huku kwetu mabishano hayo yalipata suluhisho lenye sura: Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa ndugu wa uamsho na Mlutheri pia, akawa askofu wa dayosisi inayobatiza watoto, na mwaka 1977 jijini Dar es Salaam akachaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Hakuona sababu ya kuchagua kimoja na kuacha kingine. Aliyebatizwa mchanga na aliyelia mkutanoni wanaulizwa swali moja: je, umerudi kwa uliyemkosea?

Mwingine atauliza kama mabadiliko haya yanamhitaji Mungu hata kidogo. Mwaka 1902 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti mkubwa juu ya hali za kidini, akaonyesha kwamba wongofu una njia zake zinazoweza kuelezwa kwa elimu ya nafsi, na kwamba waongofu wakichukuliwa kwa ujumla hawatofautiani wazi na watu wengine wema. Nakubali sehemu kubwa ya hayo. Mungu akimfanyia mtu kazi, ataifanya ndani ya ubongo na hisia alizomuumbia, na wapo watu wasio na dini waliolipa madeni yao yote. Mkristo hana haja ya kulikana hilo. Lakini James mwenyewe alisisitiza kwamba wongofu upimwe kwa matunda, usipimwe kwa namna ulivyoanza, na hapo anasimama karibu sana na waraka wa Yohana. Imani inachodai zaidi ya hapo ni juu ya chanzo, na chanzo hakithibitishwi kwa takwimu. Kinaaminika au hakiaminiki, kutokana na ushahidi wa maisha.

Maisha hayo, tena, huenda polepole kuliko tunavyopenda. John Newton, baharia Mwingereza, alimlilia Mungu katika dhoruba ya Machi 1748 na akaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa kugeuka kwake maisha yake yote. Kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza meli za watumwa katika safari tatu, akiwafunga Waafrika minyororo chini huku akiendesha ibada juu. Mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuungama na kuishtaki biashara ile, akatoa pia ushahidi uliosaidia kampeni ya kuikomesha. Alifariki Desemba 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku. Newton mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika miaka ile ya mwanzo hawezi kujihesabu kuwa mwamini kwa maana kamili. Mtu anaweza kusema hilo linaangusha hoja yangu, kwamba aliyezaliwa aliendelea kuuza watu. Mimi naona linaipa makali. Mitume waliwaita waongofu watoto wachanga wanaohitaji maziwa, na mtoto mchanga hajui kutembea. Lakini kwa Newton kipindi hicho kiligharimu maisha ya watu wengine, na waliomzunguka kanisani hawakumwuliza habari ya watu waliokuwa melini. Zama zile biashara hiyo haikuwa kwenye orodha ya dhambi.

Rwanda ndiyo pingamizi zito kuliko yote, na anayeandika juu ya kuzaliwa upya katika Afrika Mashariki bila kulitaja hana haki ya kusikilizwa. Nchi ambamo uamsho ulianza ilikuwa, kwa sensa ya mwaka 1991, na Wakristo karibu asilimia 90. Kati ya Aprili na Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa humo, na sehemu za mauaji makubwa zilikuwa makanisa: Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, Nyange. Jibu rahisi ni kusema kwamba waliochinja hawakuwa wameokoka kweli. Silikubali, ingawa Yohana angeniruhusu kulisema juu ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu likitumiwa baada ya msiba linalifanya fundisho lisiweze kukosolewa kamwe: kila anayeanguka tunamfuta kwenye orodha, na orodha inabaki safi. Kipimo cha kweli lazima kitumike mapema, mtu akiwa bado kwenye kiti chake cha kanisani. Na hapo ndipo Kanisa lilipokosa. Ukabila uliandikwa kwenye vitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, ukatumika kugawa nafasi za shule na kazi, viongozi wa makanisa wakakaa karibu na watawala, na ushuhuda wa wokovu ukaendelea kutolewa kuhusu pombe na uzinzi. Swali la Mtutsi na Mhutu, ambalo lilikuwa deni kubwa kuliko yote nchini, halikudaiwa hadharani kwa nguvu ile ile iliyodai shilingi iliyoibwa. Ndugu wa kizazi cha kwanza walikuwa wameonyesha kwamba linawezekana. Wakati wa Mau Mau huko Kenya, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo, na wengine waliuawa kwa hilo. Wengi wao wakakataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni, wasije wakamwua jirani. Huko Nyamata, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi aliuawa na askari katika machafuko ya ukabila. Walikuwapo. Ila walichokijua hakikufanywa kuwa fundisho la kila Jumapili.

Mtu ninayemfikiria zaidi katika habari ya mwaka 1994 hakuwa hata mlokole kwa maana ya kawaida. Félicité Niyitegeka alikuwa Mkatoliki aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa, akiongoza kituo cha kiroho Gisenyi. Alikuwa Mhutu. Aliwahifadhi Watutsi na kuwasaidia wengine wavuke mpaka kuingia Zaire. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili aokoe maisha yake. Alimjibu kwamba hatawaacha watu aliokuwa nao. Aprili 21 aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza Félicité tarehe ya kuokoka kwake, na ukisoma habari zake, swali lenyewe linaonekana dogo. Waraka wa Yohana unasema tunajua tumevuka kutoka mautini kuingia uzimani kwa sababu tunawapenda ndugu, na unaendelea kusema imetupasa kuyatoa maisha yetu kwa ajili yao. Kwa Félicité hakuna pengo kati ya fundisho na tendo ambalo mtu anaweza kuingiza kidole.

Tukiyaweka haya pamoja, namna tunavyowapokea waongofu makanisani leo inahitaji kubadilika, na mabadiliko yenyewe hayahitaji fedha. Mikutano mikubwa ya injili huwaita watu mbele, huwaombea, huchukua namba zao za simu, kisha hutangaza idadi. Ni nadra mtu aliyeitwa kuulizwa: nani unamdai, nani anakudai, nani hamsalimiani naye, ni mtoto gani uliyemkana, ni kabila gani huwezi kukaa nalo meza moja? Katika ushirika wa uamsho wa zamani maswali haya aliulizwa hata mchungaji, tena na mshiriki wa kawaida, na hiyo ilikuwa nusu ya nguvu yake. Pakiwa na mhubiri asiyeulizwa na yeyote kuhusu hesabu za sadaka, basi hata kama kila Jumapili watu mia wanaitikia mwito wake, kipimo cha Zakayo kimekwisha kuondolewa mlangoni. Kurejesha haimaanishi kurudia makosa ya kuwaanika wengine. Aliyemkosea mtu mmoja faraghani amrudie faraghani; aliyeiba cha umma aungame kwa umma. Hekima hiyo wazee walijifunza kwa maumivu, nasi tunaweza kuipokea bila kuyarudia.

Litabaki swali la mtu asiyeweza kulipa: aliyemdhulumu marehemu, aliyepoteza kila kitu, mgonjwa aliyebakiwa na saa chache. Wanaoogopa kipimo hiki hupenda kumtaja mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye hakubatizwa, hakurudisha alichoiba, na bado aliahidiwa peponi siku ile ile. Ni mfano mzuri, na ninawashukuru kwa kuuleta, kwa maana Luka ameandika kwa uangalifu mtu yule alichofanya kwa pumzi alizobakiza. Kabla hajaomba kukumbukwa, alimgeukia mwenzake aliyekuwa akimtukana Yesu akamkemea, akakiri kwamba hukumu yao wawili ni ya haki, malipo ya matendo yao, kisha akamtetea aliyehukumiwa bila kosa. Mikono yake ilikuwa imefungwa, hakuwa na mali ya kugawa mara nne. Alikuwa na ulimi, na kwa ulimi huo alilipa ukweli aliokuwa akidaiwa.